Familia ya Tengeru: baiskeli ya Elia

Elia: Shikamooni. Nimeona baiskeli mbili za mtumba, bei moja. Ya kwanza ya mbio hasa, nyepesi, tairi 700x25, yaani upana milimita 25. Ya pili usukani wake umekunjwa kwenda chini kama wa mbio, ila ina breki za diski na tairi 35, nzito kidogo. Jumapili naenda na kundi hadi Usa River, siku nyingine napita njia za vumbi mashambani. Mjomba, nichukue ipi?

Mjomba Zakaria: Marahaba mpwa. Uzito baadaye. Chuchumaa utazame nafasi kati ya tairi na fremu, mbele kwenye uma na nyuma karibu na pedeli. Ile ya mbio ukiifunga tairi 28 nafasi inaweza kuwa imejaa. Na tope la Tengeru wakati wa masika unalijua, gurudumu halizunguki tena.

Neema: Lakini mjomba, kundi halisubiri mtu. Na tairi pana si ataachwa?

Mjomba Zakaria: Kwenye lami kinachomchosha mtu ni upepo kuliko tairi. Ajifiche nyuma ya wenzake, zamu yake ikifika aongoze. Ile ya pili aifunge tairi 32, laini katikati. Kwa kilo zake 65, presha PSI 55 kwenye lami, akiingia vumbi apunguze hadi 45.

Mama Elia: Mimi nauliza breki tu. Yale malori ya barabara ya Moshi yananinyima usingizi.

Mjomba Zakaria: Ndiyo maana nataka diski, dada. Breki za mpira zinazobana ringi zikilowa zinachelewa kushika, na mchanga unakula ringi. Elia, ni za waya au za mafuta?

Elia: Za waya.

Mjomba Zakaria: Afadhali. Za mafuta zinashika vizuri zaidi, ila zikivuja fundi wa hapa njia panda hana vifaa. Waya atakubadilishia palepale. Gia je?

Elia: Mbele 50 na 34, nyuma kubwa ina meno 28.

Mjomba Zakaria: Kilima cha vumbi kwa 34 na 28 utakisikia magotini. Muulize muuzaji kama kile kikono cha gia za nyuma kinapokea meno 32. Umeipanda?

Elia: Nimeipanda. Miguu sawa, ila mikono inavutwa mbele.

Mjomba Zakaria: Hapo tutatafuta shingo ya usukani fupi kwa sentimita mbili. Fremu yenyewe ingekuwa kubwa, ningekukataza. Usilipe bado. Jumamosi saa nne nakuja na rula.

Mama Elia: Na kofia ngumu, Zakaria.

Mjomba Zakaria: Ninayo, dada. Namletea.