Yule Dokta wa Sheria na Jamii kaniita FOTOKOPI mbele ya darasa zima!!

Wakuu habari za jioni, kwangu si njema hata kidogo, natype mikono inatetemeka, hata wali niliopakua nimeuacha mezani nzi wanajilia. Mnamjua. Yule wa koti moja tangu enzi za Mwinyi, anayeingia darasani anaanza kufuta ubao ambao hauna kitu. Jina sitaji, waliopita mikononi mwake wameshaanza kutoka jasho hapo walipo.

Alitupa kazi ya kufupisha na kuchambua makala ya mwanaanthropolojia Sally Falk Moore ya 1973, ile ya nyanja za kijamii zenye uhuru nusu nusu, yaani vikundi vinavyojiwekea kanuni vyenyewe ila sheria ya nje nayo inavigusa. Kizungu chake kila sentensi inabidi uishushie na maji. Nimeisoma wakuu. Nimeisoma bumu halijaingia, nimeisoma kwa tochi ya simu. Nikaandika kila kitu, kwamba sheria ya dola haidondoki mahali patupu, inakuta watu wana kanuni zao na namna zao za kubanana, kwamba kwenye viwanda vya magauni New York mkataba wa chama cha wafanyakazi unasema hivi lakini msimu wa oda ukichanganya afisa wa chama anafumba macho watu wanapitiliza saa, na fadhila zinatembea, kwamba Uchagani mwaka 1963 ardhi yote ikawa ya umma na vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya ukoo, vikaendelea kugawanwa na ukoo kama jana. Yote nimeweka!

Jamaa akainua karatasi yangu kwa vidole viwili kama nepi. Akasema, nanukuu: "Bwana mdogo huyu amefanya kazi ya mashine ya fotokopi. Tena bora mashine, haikosei tahajia."

Darasa likalipuka. Yule dada wa mstari wa mbele, ambaye nilikuwa na mipango naye ya muda mrefu, alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye meza. Mlinzi wa getini nadhani alicheka. FOTOKOPI wakuu. Mtu mzima na kitambulisho cha NIDA.

Eti kila mstari nimeandika "Moore anasema", eti Moore anamfahamu tayari, anataka kunisikia mimi. Sasa mimi wa kumpinga Moore ni nani? Mama wa watu kaanza kazi Kilimanjaro miaka ya sitini, kakaa na wazee, mimi hata mwaka wa tatu sijamaliza. Halafu akaongeza, "na jina lako la ukoo linatoka huko huko." Wakacheka tena!! Kwa hiyo nilitakiwa niandike habari za kihamba chetu kwenye asaimenti? Kwamba baba ni mtoto wa katikati, mkubwa akapewa sehemu yake, kitinda mimba akabaki na nyumba ya babu na migomba, baba akaambiwa akatafute maisha ndo sisi tukazaliwa Mbagala? Kwamba shangazi alipoachika akarudi nyumbani wakamwonyesha masale, ile mimea ya mpaka, wakamwambia mwisho wako hapa? Hayo ya kwetu yanamhusu nini Moore?

Fotokopi. Sijalala mchana nimelala na neno fotokopi.

KibokoYaSapu: Nimekaa paleee na bisi zangu.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa: Ya rangi au nyeusi na nyeupe? 😂😂

MzeeWaKudisko: Mkuu, hapo kwa baba na shangazi ndo uchambuzi wenyewe ulikuwa umekaa. Moore anasema sheria ya serikali ikifika, ule uwanja mdogo unaipokea kwa namna yake. Sawa, mpe haki yake. Halafu mbane: humo ndani ya uwanja nani anatunga kanuni na nani anaumia? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 inasema mila ya kumnyima mwanamke ardhi ni batili, shangazi yako bado yuko nje ya masale. Makala imeeleza vizuri uwanja unavyojilinda, aliyebanwa humo ndani haikumkalia sana. Ukurasa mmoja tu huo, unachukua A.

Mleta uzi: Sijaja kufundishwa, nimekuja kulalamika. Hivi ulifika pale aliponiita fotokopi au uliruka?

Mjukuu wa Hakimu: Shukuru. Mimi nilimchambua Griffiths wa 1986, yule anayesema sheria si ya dola peke yake, hata vikundi vina sheria zao, nikaandika huyu ni muongo na ana ubeberu. Kaniwekea neno moja pembeni, "wapi?" Mpaka leo natafuta wapi.

MzeeWaKudisko: Hahaha. Dada yenu mmoja wa semina alimpata vizuri Griffiths, aliuliza kama kanuni ya kila kikundi ni sheria basi na ya kikoba ni sheria, ya kijiwe cha boda nayo sheria, sasa nini si sheria? Mzee wa koti akakaa chini.

Tairi_Kipara: Kijiwe chetu ukiruka foleni ni elfu tano hapo hapo, Mahakama ya Mwanzo itasubiri sana. Nalalamikia hiyo elfu tano.

KibokoYaSapu: Bora nyie. Sisi grupu la Galanter wa 1974, watu saba, msomaji mmoja. Ile ya wazoefu wa mahakama kuwashinda wanaokwenda mara moja moja. Msemaji wetu akatoa mfano wa Simba na timu iliyopanda daraja jana.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa: Mfano mbona mzuri, marefa wale wale, mechi kila wiki.

Jangwani_Damu: Simba mzoefu wa nini?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. KANIITA FOTOKOPI.

Tairi_Kipara: Ukurasa shilingi ngapi siku hizi?

Mama_Kashura: Samahani natoka nje ya mada, mimi si mwanafunzi. Nipo Bukoba, baba aliniachia shamba kwa wosia, nataka kuuza, kaka zangu wanasema ardhi ya ukoo mwanamke hauzi.

Mjukuu wa Hakimu: Dada, soma kesi ya Ephrahim na Pastory, Mahakama Kuu Mwanza 1990, Jaji Mwalusanya. Mhaya mwenzio, shamba la ukoo, wosia wa baba, akamuuzia mtu asiye wa ukoo. Mahakama ikasema mwanamke ana haki sawa.

Mama_Kashura: Naijua, nimeshawasomea. Kaka mkubwa akasema huyo jaji aje alime yeye.

MzeeWaKudisko: Wosia una mashahidi?

Mama_Kashura: Wawili. Mmoja ndo huyo kaka.