MREJESHO: Picha za kanga kwenye programu ya kuchorea kwilti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini picha za kanga nilizoshusha mtandaoni zinakataa kuingia kwenye programu ya kuchorea kwilti (blanketi la kuunga viraka vya vitambaa), na zikiingia ua moja linajaa kiraka kizima.

Aliyesema niangalie aina ya faili, Mungu akubariki. Zilikuwa WebP, aina ya faili za picha za mtandaoni. Mimi nilikuwa nabadilisha herufi za mwisho za jina la faili tu kuwa JPG nikidhani nimemaliza kazi, kumbe faili ni lile lile. Nikazifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikazitoa upya kama JPG, zikaingia zote.

Ukubwa wa maua ndio ulionitoa jasho. Dada mmoja hapa alinishauri nipige hesabu: kanga ina upana wa kama sm 150, picha yangu ilikuwa na pikseli 1500, kwa hiyo pikseli 10 ni sm 1. Nikakata pindo na jina (maandishi ya kanga), nikabaki na mji, yaani sehemu ya katikati, nikaandika vipimo halisi kwenye programu. Maua yakakaa sawa kabisa na kitambaa nilichonacho mkononi.

Ushauri wa kutumia "Tile Seamless" ya GIMP kuficha maungio pale picha inapojirudia haukunifaa. Kwenye vidoti vidogo sawa, lakini mapambo makubwa ya umbo la korosho yalitoka kama mizimu. Afadhali kukata kwa mkono rudio moja kamili, yaani kipande kimoja cha pambo linalojirudia.

Kuchapisha bado: pikseli 10 kwa sentimita ni ukungu mtupu kwenye karatasi. Kanga ninazozimiliki nitazipiga picha mwenyewe. Asanteni sana.