Nimchonge ndege mwari ninayemwona Mwaloni au yule wa kwenye picha?

FundiKitangiri:
Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kitangiri hapa Mwanza. Parokia imenipa kazi ya mlango wa tabernakulo, kile kisanduku cha kanisani cha kuhifadhia Ekaristi, mbao ya mninga, na katikati wanataka mwari anayejidonoa kifua ili wanawe wapate damu yake. Paroko amenipa picha iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, na hapo ndipo nilipokwama. Ndege wa kwenye picha ana mdomo mfupi uliopinda kama wa furukombe, wala hana ule mfuko wa ngozi chini ya mdomo.

Mwari namjua. Jumamosi alfajiri nilikwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba na daftari, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Walikuja watatu. Mdomo peke yake unatoka kiwiko changu mpaka vifundo vya vidole, na nchani una kikulabu kama ukucha. Akishameza, anainamisha kichwa na kuukandamiza mdomo kifuani, maji yakimchuruzika. Damu sikuiona hata tone. Hadithi hii ilitoka wapi, na nani alimchora bila mfuko? Sitaki kuchonga uongo mahali patakatifu.

MamaVitabu:
Pole na kazi, fundi. Hadithi ni ya kale mno. Imo katika kitabu cha Kigiriki kiitwacho Physiologus, cha karne za mwanzo za Ukristo, kinachoanza habari za mwari kwa Zaburi ya 102, "mwari wa jangwani". Kinasema makinda yakipata nguvu huwapiga wazazi usoni, wazazi nao wakayarudishia hadi yakafa. Siku ya tatu mama hujitoboa ubavu, damu inayadondokea, yanafufuka. Siku ya tatu, fundi! Ndiyo maana Wakristo walimshika ndege huyu wasimwachie.

Baadaye Uingereza walitengeneza vitabu vya wanyama juu ya ngozi, kwa rangi na dhahabu. Kimoja cha mwaka 1200 hivi kiko Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, na kurasa zake zipo mtandaoni, kaziangalie. Wachoraji wale walisikia tu kwamba mwari ni ndege wa Mto Nile, wakawa wananakili kitabu hadi kitabu. Mamba wao mara nyingine ana miguu ya mbwa! Na Nile yenyewe si inatoka kwenye ziwa letu hili?

Mkerewe_wa_Nyavu:
Kaka, utotoni kwetu kisiwani kulikuwa na mti wa mwari, viota juu mpaka juu. Kinda huzamisha kichwa chote kooni mwa mama kutafuta samaki. Halafu hujibwaga, hutetemeka, hulala kama mfu. Baada ya muda kidogo huyo, ameinuka. Mgeni akiona vile kwa mbali, mimi simlaumu kwa kusema amefufuka.

FundiKitangiri:
Mama, kaka, asanteni sana. Nimeziangalia kurasa, na usiku huohuo nikachora upya: mwari wa Mwaloni, mfuko wake na kikulabu chake, mdomo umebanwa kifuani kama nilivyomwona. Matone matatu ya damu nimeyabakiza, maana hayo ni ya imani, na kinda mmoja nimemlaza chali kama alivyosema kaka. Paroko amepitisha kidole juu ya karatasi taratibu, akasema anza. Leo nimeanza na mdomo. Nimeuchora wima, ufuate nyuzi za mbao, patasi isije ikauvunja.