Damp, moist, wet, humid: je, "unyevu" linatosha kwa yote?

MfasiriTanga
Wakuu, salamu. Naomba tulinganishe. Neno la Kiingereza damp limejaa kwenye lebo za nguo, vijitabu vya vifaa vya umeme, michoro ya majengo na miongozo ya kilimo. Kwa Kiswahili naona wafasiri wanazunguka kwenye maneno manne:

1. unyevu / unyevunyevu
2. majimaji
3. -bichi (kama nguo mbichi)
4. rutuba

Msimamo wangu wa kuanzia: la kwanza libebe yote, ili msomaji akutane na neno lilelile kila mahali. Wenye hoja tofauti waje na mifano, si hisia tu.

Mwl_Sarufi
Ndugu MfasiriTanga, kabla ya Kiswahili tuwekane sawa kwenye Kiingereza, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Wet ni maji unayoyaona au yanayodondoka. Damp ni maji kidogo: ukigusa unahisi ubaridi, lakini mkono hautoki na matone. Moist nalo ni maji kidogo, tena huenda kiasi kilekile cha damp. Tofauti yao haiko kwenye kipimo cha maji, iko kwenye kutakiwa kwake. Udongo wa kupandia ni moist, keki nzuri ni moist, midomo yenye afya ni moist. Ukuta, godoro, soksi na stoo ni damp. Mwingereza akisema nyumba ni damp analalamika. Akisema damp cloth halalamiki, anataja kiwango tu.

Humid ni la hewa, hasa hewa ya joto. Fukuto la Mombasa au Dar mwezi Machi ni humid. Ubaridi wa Uingereza mwezi Novemba, ule unaoingia kwenye koti, ni damp. Dank ni damp iliyooza kidogo: baridi, giza, harufu ya kuvunda. Clammy ni la ngozi, yaani baridi halafu inanata kwa jasho. Hilo la mwisho msilifanyie mzaha, maana miongozo ya huduma ya kwanza huitaja ngozi ya namna hiyo kama dalili ya mshtuko wa mwili au sukari kushuka. Ukiandika "ngozi yenye unyevu" msomaji atadhani mgonjwa kapakwa mafuta. Andika "ngozi ya baridi yenye jasho".

Sasa kwa orodha yako. Kiswahili kina njia ya kupunguza nguvu ya neno kwa kulikariri: maji / majimaji, mbichi / mbichimbichi, unyevu / unyevunyevu. Kwa hiyo unyevunyevu lina ule "kidogo" wa damp ndani yake. Ila kanuni hiyo isikupeleke kwenye chepechepe au chapachapa. Hayo ni kulowa kabisa, kinyume cha unachokitafuta.

DobiMvita
Kwa nguo napinga namba 1. Lebo ikisema iron while damp, hakuna anayesema "piga pasi nguo ikiwa na unyevunyevu". Watu husema nguo bado mbichi, au ina ubichi. "Ipigwe pasi ikiwa bado na ubichi kidogo" inaeleweka Mvita, Unguja hadi Dodoma.

Na kiwango chenyewe kina maana. Kitani na pamba nzito hunyooka zikiwa na ubichi kwa sababu maji hulegeza nyuzi, na joto la pasi huzikausha zikiwa zimenyooshwa. Ikishakauka kabisa, nyunyizia maji, ikunje, iache kama robo saa ili maji yasambae, ndipo uweke pasi. Ikiwa inachuruzika, pasi itapoa na utabaki unachemsha nguo.

Upande wa ubaya tuna neno letu pia. Nguo iliyokunjwa na ubichi wake ikaota vidoa vyeusi imeingia kawa. Inayotoa harufu imevunda. Kiingereza husema tu kwamba inanuka damp. Sisi tunatofautisha doa na harufu, na mfasiri asiitupe tofauti hiyo.

MfasiriTanga
Hoja ya ubichi naikubali kwa nguo. Vipi damp cloth? "Kitambaa kibichi" hakisimami.

DobiMvita
Hakisimami kweli. Ubichi ni wa kitu ambacho kitakauka kikawa tayari: nguo, kuni, plasta. Kitambaa cha kufutia unakilowesha kwa makusudi. Hapo eleza kitendo badala ya kutafuta sifa: "futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kikakamuliwa vizuri". Neno kukamua ndilo linalobeba damp. Ukiweka "kitambaa chenye majimaji", mtu atafuta kioo cha televisheni, maji yateremke hadi ukingo wa chini, yaingie ndani, na tatizo liwe limeanzia kwako wewe mwandishi.

UmemeBara
Naunga mkono. Kwenye umeme kosa hili ni la hatari. Taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa kama zinafaa dry, damp au wet locations. Ni madaraja matatu:

- dry: ndani, pakavu
- damp: pana unyevu au mvuke lakini maji hayapigi moja kwa moja, kwa mfano barazani chini ya paa
- wet: panapopigwa na mvua, au panapoweza kulowa kabisa

Ukitafsiri damp kuwa "mahali penye majimaji", mnunuzi ataifunga taa ukutani nje bila paa. Mvua ya upepo huingia kwenye holda, kutu huanza kwenye viunganisho, na swichi ya usalama huanza kukata kila mvua ikinyesha. Hapo ninaandika sentensi nzima: "inafaa mahali penye unyevu, pasipopigwa na maji". Ni ndefu, lakini haimdanganyi mtu.

Jambo la pili: kwenye karatasi za paneli za sola kuna kipimo kinachoitwa damp heat. Paneli huwekwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu hewani wa asilimia 85, kwa saa 1,000. Hapa damp ni hewa, si kulowa. "Jaribio la joto na unyevu hewani" linatosha. Wanaouza paneli ukanda wa pwani walielewe hili, maana ndiyo hali ambayo paneli zao zitaishi nayo.

FundiUkuta
Kwenye ujenzi namba 1 ndiyo yenyewe, lakini unyevu peke yake haumsaidii mwenye nyumba. Kiingereza hugawa damp ya ukutani kwa njia iliyoingilia, na tiba hufuata njia.

Rising damp, "unyevu unaopanda": maji ya ardhini hupanda kupitia vitundu vidogo vya tofali au jiwe, kwa kawaida hadi kama mita moja, yakaacha mstari wa madoa na chumvi nyeupe. Kizuizi chake ni ile DPC (damp-proof course) ambayo kila fundi anaijua kwa herufi zake, yaani tabaka lisilopitisha maji linalolazwa ndani ya ukuta karibu na msingi. Ikae angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje, na pale vipande vinapopishana isipungue milimita 100. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni mtu kuja baadaye akajaza kifusi au kupandisha sakafu ya nje hadi ikapita DPC. Wengine huipiga plasta ikaifunika yote, na maji yakapata daraja.

Penetrating damp, "unyevu unaopenya": hutokea urefu wowote, na doa hukua baada ya mvua. Tafuta mfereji wa paa ulioziba, ufa, au fremu ya dirisha.

Ya tatu, condensation, haitoki nje kabisa. Ni mvuke wa ndani, wa jikoni au bafuni, unaogeuka maji ukigusa sehemu ya baridi. Ukungu mweusi pembeni ya dari ndiyo dalili yake. Hii ukiiita "unyevu wa ukuta", mtu atabomoa ukuta wakati alihitaji dirisha la kupitisha hewa.

Kwa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe, msipige plasta ya saruji juu ya unyevu. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Saruji huyafungia maji ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na plasta hubanduka vipande vipande.

ShambaDarasa
Nitetee rutuba kidogo. Kwa asili ya Kiarabu neno hilo ni unyevu hasa, lakini mkulima wa leo akisikia "udongo wenye rutuba" anafikiria mbolea. Kwa moist soil liepukeni. Andika "udongo uwe na unyevu, maji yasituame".

Kuna damp nyingine shambani inayopotosha: damping off. Si kulowesha. Ni ugonjwa, nao una jina: kinyausi. Vimelea kama Pythium na Rhizoctonia huozesha shina la mche pale linapokutana na udongo, mche ukaanguka. Unyevu uliozidi na miche iliyosongamana huukaribisha. Punguza miche kitaluni na umwagilie asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku.

Na kwenye nafaka Kiingereza hakitumii damp kama kipimo, hutumia moisture content. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5. Asiye na kifaa atie mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, atikise, aache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Wakulima husema "mahindi bado mabichi", hivyo DobiMvita ana hoja hadi ghalani.

Mwl_Sarufi
Ndugu ShambaDarasa amefungua mlango wa kitenzi. Dampen mara nyingi ni kulowesha kidogo. Damp, kama kitenzi, mara nyingi ni kufifisha. To damp down a fire si kumwagia moto maji, ni kuufunika kwa majivu au kuupunguzia hewa ili uwake polepole hadi asubuhi. Mtetemo ulio damped ni unaofifia. Ndiyo sababu Waingereza huita shokapu ya gari damper. Kwenye piano, damper ni kile kipande kinachozima waya. Ukikanyaga pedali yake vipande huinuka na sauti huendelea kulia, kwa hiyo "pedali ya kupunguza sauti" ni kosa.

Na kuna maana ya zamani kuliko zote hizi: mvuke, au gesi mbaya. Wajerumani bado wana Dampf, mvuke. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliita gesi za mgodini damp: firedamp ni methani, blackdamp ni hewa iliyojaa kaboni dioksidi na nitrojeni isiyo na oksijeni ya kutosha, afterdamp ni mchanganyiko wenye kaboni monoksidi unaobaki baada ya mlipuko. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Mlipuko wa mgodi wa Felling mwaka 1812 uliua watu 92, na taa ya usalama ya Humphry Davy ikaja mwaka 1815. Nimeona firedamp ikitafsiriwa "unyevu wa moto". Tafadhali, ni methani.

MfasiriTanga
Basi naondoa pendekezo la neno moja. Swali dogo: "her eyes were damp"?

DobiMvita
Machozi yalimlengalenga. Hapo hakuna unyevu wowote wa kuandika.