Yule jamaa wa boti za Changuu kanipokonya pweza mdomoni, mbele za watu!!!

Wakuu, mods msiuunganishe huu na ule uzi wa nauli. Huu ni msiba unaojitegemea.

Ndo nashuka Shangani, Unguja, sasa hivi, natoka kisiwani Changuu, chumvi bado imejaa masikioni. Yule jamaa mnamjua, hana haja ya kutajwa. Yule wa miwani ya kioo na "hakuna matata" kila akivuta pumzi. Tangazo lake lilisema Changuu asubuhi, kisha fungu la mchanga la Nakupenda na "chakula cha asili cha Kiswahili". Nikasema leo nakula pweza wa nazi mpaka nibebwe.

Changuu sina neno. Wale kobe wa asili ya Aldabra wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, wengine wameshapita mia, wanalishwa mchicha mkononi na kukunwa shingo. Hilo mliweke akilini.

Tukafika funguni. Turubai, meza, kamba, ngisi, changu wa kuchoma, wali, na sufuria MOJA ya pweza wa nazi. Nikachota mkono mmoja tu, wenye vile vikombe vyake vinavyong'aa tui. Jamaa akaja na koleo. KOLEO wakuu! Akamnyanyua pweza kutoka kwenye sahani yangu, tui linanidondokea kwenye bukta, akamweka kwa dada mmoja wa Kizungu: "Bro, wewe mtu wa hapahapa, pweza unamla kila siku Forodhani. Waachie wageni."

Kila siku Forodhani! Mimi natokea Mbagala, Dar!

Na yule dada wala hakumtaka, alimgusagusa na uma kama polisi anayekagua mzigo. Kobe wa miaka mia na ushee anabembelezwa kwa mchicha, mimi mwenye kitambulisho cha taifa nanyang'anywa pweza. Kwa koleo! Nikaachiwa chapati baridi na tomato sosi. Jela ya Changuu ilijengwa miaka ya 1890 ikaishia kuwa karantini, haijafunga mfungwa hata mmoja. Wa kwanza nimempata.

Bamvua: Pweza ana mikono minane mkuu. Si ungechota mwingine?

Mla Nguru: Picha ya bukta. Bila picha hii ni chai.

Mtoa mada: Picha ningepiga saa ngapi na sahani iko mkononi? Nasema KOLEO!

Mama Kunduchi: Afadhali wewe pweza ulimwona. Mimi Mbudya niliagiza changu na chipsi, boti ya kurudi inataka kuondoka ndo changu anatoka mafutani. Nimemlia baharini, mwiba na wimbi vinakuja pamoja.

Wa Shimoni: Nyinyi Wabongo mnalilia pweza? Huku Kenya, kisiwani Wasini, niliwekewa kaa mzima na kigongo cha kumvunjia. Nikapiga, gando likaruka likatua kwa mama mkwe. Hadi leo hatuongei.

Bamvua: Mama mkwe alifuata nini Wasini?

Wa Shimoni: Alilipa yeye.

Bi Mkunazini: Ngojeni kwanza. Huyo pweza tui lilikuwa zito au limekatika?

Mtoa mada: Lilikuwa na mabongemabonge kidogo. Lakini koleo...

Bi Mkunazini: Basi umeokolewa. Pweza anachemka kwanza kwa maji yake mwenyewe, chumvi usimtie mapema. Tui jepesi, kisha tui zito, unakoroga mpaka lichemke. Hao wa funguni wanamwaga la kopo na kuondoka.

Mla Nguru: Bizari je?

Bi Mkunazini: Kidogo.

Mpemba Halisi: Bizari kwenye pweza? Kwetu hatutii.

Mama Kunduchi: Kwenu hamtii au hamna?

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye koleo jamani.

Mla Nguru: Bi Mkunazini, ndimu inaingia kabla ya kuepua au baada?

Bi Mkunazini: Baada. Ukiitia jikoni tui linakatika.

Mpemba Halisi: Hapo kwenye ndimu nakubali. Bizari hapana.