Grafu yangu ya korona inaonyesha Kenya kama haikuguswa. Nifanyeje?

Mwalimu_Kondele
Hamjambo wenzangu. Nafundisha hisabati sekondari hapa Kisumu. Natengeneza bango la somo la takwimu linalolinganisha ukali wa korona Kenya, Tanzania, India, Peru, Brazili na Marekani. Nimechora nguzo za jumla ya vifo. Marekani, yenye zaidi ya milioni 1, imegonga dari; Kenya, yenye 5,600 na ushei, haionekani. Lakini wanafunzi hawa walikuwa hapa hapa Juni 2021, kaunti 13 za ukanda huu zilipowekewa kafyu ya saa moja jioni. Wapo waliozika babu na nyanya zao. Sitaki bango liwaambie hapakutokea kitu. Nisaidieni.

Takwimu_Nakuru
Mwalimu, anza kwa kugawanya kwa idadi ya watu. Marekani inabaki na vifo zaidi ya 3,000 kwa kila watu milioni, na Brazili iko karibu nayo. Peru, ambayo kwenye bango lako ni nguzo ya wastani tu, inaruka hadi zaidi ya 6,000. India inashuka kwenye mia kadhaa. Kenya ni 100 hivi, kwa hiyo bado utaiona fupi. Tumia skeli ya logi, ambapo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, 10, 100, 1,000, 10,000, na nchi zote zitasomeka.

Sista_Bungoma
Skeli ya logi kwa watoto sikubali. Watatazama Kenya na Peru wadhani zinakaribiana.

Halafu tuulize hizo 5,600 ni akina nani. Ni waliopimwa. Mzee aliyeishiwa pumzi kijijini, akafia nyumbani na kuzikwa Jumamosi, hayumo. Tafuta vifo vya ziada: waliokufa kwa sababu zozote, ukitoa idadi ambayo ingetarajiwa mwaka wa kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4. India peke yake ilikadiriwa milioni 4.7, serikali yao ilikataa hesabu hiyo, na wanafunzi wajue hilo pia. Peru walipopitia upya rekodi zao mwaka 2021 walipanda kutoka vifo 69,000 hivi hadi 180,000. Ugonjwa ulikuwa ule ule, wao ndio walihesabu upya.

Mwalimu_Kondele
Asante sana sista, hili ndilo lililonikereketa. Kwa Kenya basi niweke namba gani?

Sista_Bungoma
Vifo vingi vya huku havifiki kwa msajili, kwa hiyo makadirio yetu ni ya kielelezo cha hesabu, yaani yamekokotolewa kwa fomula badala ya kuhesabu vifo kimoja kimoja, na yana kima cha chini na cha juu vilivyoachana mbali. Usichore nukta moja. Chora mstari kutoka chini hadi juu, na ile 5,600 uiwekee alama yake kando. Urefu wa mstari utawaonyesha tusichokijua.

Mjaluo_wa_Busia
Msisahau umri. Sensa ya 2019 ilikuta robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35, na korona iliua wazee zaidi. Sehemu ya ufupi wa nguzo yetu ni ya kweli, si yote ni kutohesabu.

Mwalimu_Kondele
Kweli kabisa, nitaandika chini ya grafu. Na Tanzania? Takwimu zao zilisimama mwaka 2020 kwenye vifo 21, zikarudi mwaka uliofuata.

Takwimu_Nakuru
Miezi hiyo iache wazi, usiunganishe mstari wala usiweke sifuri. Na logi naiondoa, sista yuko sawa. Fanya safu mbili za grafu ndogo, nchi moja kila kisanduku, vifo vya kila wiki. Safu ya juu skeli moja kwa wote, kulinganisha ukali. Safu ya chini kila nchi na skeli yake, na uandike "skeli tofauti" kwa wino mwekundu. Hapo ndipo watoto wa Kisumu wataliona wimbi la 2021.