Ukoo wa Mzee Mbonde: Maandalizi ya Safari ya Hifadhi ya Nyerere

Zuhura: Shikamooni wazazi wangu. Tumeshakubaliana kwamba mwezi wa Julai ukoo wetu utakwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini hatujapanga tutafanya nini tukifika. Vijana wanapendekeza tuingie, tutafute simba, kisha turudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Mjomba Athumani, wewe umewahi kufika, tunaomba utuongoze.

Mjomba Athumani: Marahaba, mama. Ninawasihi tusifanye hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyofanya nilipowapeleka wanangu, na mpaka leo ninajuta. Tuliondoka Dar es Salaam usiku wa manane, tukapita Mkuranga na Kibiti, tukaingia lango la Mtemere saa nne asubuhi, na saa tisa tulikuwa tumeshageuza. Tulimwona simba mmoja kwa mbali, amelala chini ya mti, na Mto Rufiji wenyewe hatukuukaribia. Hifadhi hii ina kilomita za mraba 30,893 tangu ilipotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Nchi kubwa namna hiyo haimalizwi kwa kukimbia. Ninashauri tulale siku tatu, na asubuhi ya kwanza tuiache gari, tupande boti.

Bibi Mwanahawa: Athumani mwanangu, mimi nimezaliwa Utete na ninaujua mto ule. Viboko wamepindua mitumbwi ya watu wetu wengi. Utaniwekaje mimi na wajukuu ndani ya boti?

Mjomba Athumani: Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, ndiyo maana tutakwenda na nahodha anayeyajua maji yale, wala si kwa mtumbwi. Kiboko hukasirika zaidi anapozibiwa njia ya kurudi kwenye kina, kwa hiyo nahodha hapiti kati yake na maji marefu, na abiria hawatumbukizi mikono majini hata kidogo. Safari yangu ya pili ndiyo iliyonifundisha uzuri wa mto. Wakati wa kiangazi maji hupungua, viboko husongamana kwenye vina vilivyobaki, na mamba hupanda mafungu ya mchanga wakakaa kinywa wazi ili wapunguze joto la mwili. Nahodha wetu alizima injini kando ya ngema iliyojaa matundu, na kila tundu lilikuwa mlango wa keremu, wale ndege wala-nyuki wenye koo jekundu na mgongo wa kijani. Mmoja alirudi na nyuki mdomoni, akatua juu ya kijiti umbali wa mkono wangu, akampigapiga nyuki yule mpaka mwiba ukatoka, ndipo akaingia kulisha wanawe. Watoto wangu, ambao hawanyamazi hata wakila, hawakusema neno.

Bibi Mwanahawa: Basi nitakwenda, ila nitakaa katikati ya boti.

Zuhura: Je, ni kweli tunaweza kutembea kwa miguu?

Mjomba Athumani: Ni kweli, tukiwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, ingawa watoto wadogo itabidi wabaki kambini. Tutakwenda kwa mstari mmoja, kimya, alfajiri kabla jua halijawa kali, na askari atakuwa anaangalia upepo unaelekea wapi ili tembo wasipate harufu yetu. Ukiwa garini hutaona kinyesi cha fisi kilivyo cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula, wala hutasoma nyayo za mbwa mwitu, ambao hifadhi hii ni miongoni mwa ngome zao kubwa barani Afrika. Msivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o huzifuata rangi hizo, na dawa ya mbu isisahaulike.

Baba Mkubwa Seif: Mimi ningependa tufike Beho Beho, humo humo hifadhini, kwenye kaburi la Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza ambaye Pori la Selous lilipewa jina lake, aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia tarehe 4 Januari 1917. Hata hivyo, wajukuu waelezwe pale pale kwamba katika vita ile maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi hao.

Mjomba Athumani: Nimekuelewa, kaka, na jambo hilo nitaliomba nilieleze mimi mwenyewe. Siku hiyo hiyo tutapita Maji Moto, karibu na Ziwa Tagalala, ambako maji ya moto hububujika kutoka ardhini na kushuka kwenye mabwawa. Ya juu yanaunguza, ya chini mtu anaweza kuoga.

Zuhura: Ahsanteni sana. Kila mtu mzima aje na kitambulisho cha taifa ili tulipe kiingilio cha raia, na mifuko ya plastiki ibaki nyumbani kwa kuwa imepigwa marufuku nchini. Wanaotaka kutembea kwa miguu waniandikie majina yao kabla ya Ijumaa, nimwarifu mwenye kambi.

Bibi Mwanahawa: Andika na la kwangu.